Muuaji Wangu Kilabuni kwa Mama

Riwaya yangu ya pekee inahusu muuaji wa kukodiwa katika nchi ambayo jua halichomozi. Niliiandika mtaani Kikuyu, kwenye chumba cha kupanga, jioni nikitoka ofisini, na fitina sikwenda mbali kuitafuta. Ofisi yetu ni ya serikali. Watu wanaamkiana kwa bashasha na kuchimbana kwa bashasha hiyohiyo. Mimi niliwavika majoho tu, nikamnyima malkia kivuli, nikafungia mazimwi mawili matatu handakini, kazi ikawa imekwisha.

Ila namna ya kuua niliitoa nyumbani. Mama yangu anapika pombe ya mtama kijijini, upande wa Chemba, na pombe hiyo ndiyo iliyonisomesha baada ya baba kufariki. Kwetu anayekupa pombe huonja kwanza mbele yako, ujue haina kitu. Mama hakuwahi kumpa mtu kata bila kupiga funda moja yeye mwenyewe. Hata mimi mwanawe, hata ilipokuwa togwa ya watoto, alionja kwanza. Basi muuaji wangu nikamfanya mnyweshaji wa malkia. Tangu utotoni alilishwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili ukaizoea. Huonja, hutabasamu, kisha humkabidhi mtu kifo chake. Nilijiona mjanja kweli.

Nakala ya kwanza nilimpelekea baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, kwa sababu katika ukoo wetu ndiye aliyependa kusoma. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimewapa heshima. Wakati huo alikuwa anagombea uenyekiti wa kijiji. Mpinzani wake alikuwa mteja wa mama, na watu wake walizoea kukaa kilabuni pale wakipanga kampeni zao. Baba mdogo alimtaka mama awafukuze. Mama akamjibu kwamba yeye anauza pombe, hauzi kura.

Kwa jibu hilo, baba mdogo akasimama kwenye mkutano wa kampeni na kitabu changu mkononi. Alisoma ukurasa wa mnyweshaji, polepole, akiwafafanulia wazee kwa lugha ya nyumbani pale Kiswahili changu cha vitabuni kilipowashinda. Alipomaliza akauliza swali moja.

"Mtoto huyu ameyajulia wapi haya, kama si kwa mama yake?"

Hakuongeza neno. Haikuchukua muda watu wakamkumbuka mzee aliyefariki baada ya kunywa kwa mama, mzee ambaye alikuwa akikohoa tangu mimi niko shule ya msingi. Wateja wakakata mguu. Mpinzani naye, kwa kuogopa kuonekana karibu na mama, akawahamishia watu wake kwingine. Baba mdogo akashinda.

Mama alinipigia simu. "Mwanangu, hicho kitabu chako kina nini?"

Mama hajui kusoma. Nilimweleza kwamba ni hadithi ya kubuni, nchi ile haipo, hata malkia mwenyewe hana kivuli. Akasema, "Mimi huku pombe naimwaga."

Jumamosi nikasafiri. Nilianzia kwa baba mdogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwandishi wetu!" Akanivutia kiti.

Nilimuuliza kama kweli anaamini shemeji yake anaua watu. Alicheka mpaka akafuta macho. "Nani aamini hayo? Zile ni siasa tu, mwanangu. Si wewe mwenyewe umeandika namna zinavyokwenda?"

Katika riwaya yangu, waziri anayemtuma muuaji hufa mwishoni, damu ikimtoka puani. Baba mdogo alikuwa na afya njema, amenenepa kidogo, na aliniuliza kama nimekuja na nakala nyingine ampe diwani. Niliondoka bila kuaga.

Kwa mama nilikuta uwanja umefagiliwa, mabenchi yamepangwa, na hakuna mtu. Alikuwa amepika pipa moja, maana kimea kilikuwa tayari na hakuona sababu ya kukitupa. Akachota, akaninyooshea kata. Hakuonja.

"Mama, mbona huonji?"

"Nikionja, si ndivyo anavyofanya yule wako?" Alisema bila ukali, kama anayeniuliza habari za safari. "Nisipoonja, wanasema nimeweka kitu. Nikionja, wanasema nimeshaizoea. Niambie wewe uliyeandika, nifanyeje?"

Nilipokea kata nikainywa yote, bila kupumua. Ilikuwa nzuri kama siku zote. Nilipomrudishia kata tupu, wanawake wawili waliokuwa wakipita na ndoo zao walikuwa wamesimama barabarani, wakingoja kuona kama nitaanguka.