Kikapu cha Risasi Mia Mbili

Sijapata kuona mtu mwenye mkono safi kazini kama yule dada wa Kiganda aliyekuwa akijaza risasi kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha, pembezoni mwa Dubai. Mimi nilikuwa msaidizi wake, kwa majaribio ya miezi mitatu. Akiniridhia, kafeel, mwenye klabu anayenidhamini, ananifanyia viza ya kazi. Akinikataa, narudi Tanga mikono mitupu kwa mke, watoto wawili na mama yangu.

Kabla ya hapo nililinda geti la maghorofa kule Jumeirah Village Circle, nikijiona najua silaha kwa kuwa nimeangalia filamu nyingi. Siku ya kwanza dada alitandika taulo, akaifungua bastola vipande vipande.

"Hii unayoiogopa kazi yake ni kugonga tu," alisema. "Nyundo inagonga pini, pini inagonga fataki. Mambo mengine yote yamo humu, ndani ya risasi."

Akanionyesha risasi moja. Fataki, kile kidonge cha kitakoni, huwasha baruti, baruti husukuma kichwa, yaani ile ncha inayoruka, na mshindo huohuo huirudisha bastola nyuma iteme ganda tupu na kupokea risasi nyingine. Alieleza kama mtu anayeelekeza kupika chapati, nami nikaelewa siku hiyohiyo. Nilimpenda kwa hilo, nasema wazi.

Maganda yaliyotumika tuliyaokota, tukayaosha, kisha yeye akayajaza upya kwa mashine iliyofungwa mezani. Kila alipovuta mkono wa mashine, ganda moja lilipata baruti na lililotangulia likapata kichwa. Sharti lake lilikuwa moja: akiwa mezani, asisemeshwe.

Sasa mwambie mtu wa Tanga apite mbele ya mkubwa wake bila kumwamkia! Alhamisi moja asubuhi alikuwa anajaza risasi za mashindano ya kesho yake. Nikaingia, mdomo ukanitangulia.

"Shikamoo dada. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Kile kichwa kimepoa?"

Waganda nao kwa salamu hawana mchezo. Alinijibu moja baada ya nyingine, akafika mpaka habari za shangazi yake, huku mkono unaendelea wenyewe. Mara akasimama. Hakukumbuka kama kila ganda lilipata baruti, na risasi zote zilikuwa zimeshadondokea kikapu kimoja. Mia mbili, zote sura moja.

"Tuzipime kwenye mzani," nikasema.

"Maganda hayalingani uzito. Mzani utatudanganya."

Akachukua nyundo ya plastiki ya kuchomolea vichwa, nami akanipa nyingine. Tukaanza kuzivunja zote: gonga, mwaga, gonga, mwaga. Tukiwa tumepita nusu, akaingia mwenye klabu, Mwarabu ambaye ndiye angeshindana kwa risasi zile.

"Yalla, haraka, risasi zangu ziko wapi?"

"Bado, sir. Nimepoteza hesabu. Kosa ni langu."

Hakunitaja. Angeweza, na mimi ningepanda ndege wiki ileile. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Si yeye, sir," nikasema. "Mimi ndiye niliyemsemesha."

Kabla sir hajanigeukia, dada aligonga nyingine. Kichwa kikatoka. Hakuna hata punje ya baruti iliyomwagika. Akaliweka lile ganda mbele ya sir.

"Kichwa cha hii kingekwama ndani ya mtutu, sir. Inayofuata ingekuta njia imezibwa. Bastola ingekupasukia mkononi."

Sir akautazama mkono wake wa kulia. Kisha akanielekezea kidevu. "Na huyu, arudi kwao?"

 Dada aliendelea kugonga. Tukazimaliza, naye akazijaza upya moja moja mpaka alasiri, na mimi sikutoa hata kikohozi. Sir aliporudi, aliuliza nani atazijaribu. Dada aliingiza mkono kikapuni bila kuchagua, akatoa tano, akanikabidhi mimi. Kupiga alikuwa ameshanifundisha, lakini kwa risasi za dukani.

"Ukiniamini, baki," alisema.

Nilikuwa na vidole kumi vya kulishia watu wanne. Nikavuta kifyatulio mara tano, macho wazi.