Kabati la Matanga

Hezekia aliacha shule darasa la nne, ng'ombe wa baba yake walipokosa mchungaji. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia nyama na kamusi iliyopoteza jalada. Kwa elimu hiyo akawa karani wa masjala katika Ushirika wa Tumaini Jipya pale Kiomboi, mpaka mvi zikamrudisha nyumbani Ulemo.

Enzi hizo masjala ilikuwa na adabu zake. Mwanachama akifariki, faili la shamba lake halikuachwa pamoja na ya walio hai. Lilihamishiwa kabati dogo la nyuma, wakaliita kabati la matanga, na hakuna aliyeligusa hadi ukoo ukae na kumtaja mrithi. Mwenye tamaa hakupata upenyo wakati wafiwa bado wanalia. Desturi hiyo aliianzisha Hezekia, na ndiye aliyemfundisha Simeoni, aliyeingia ofisini hajui hata kufunga kamba ya faili.

Simeoni akapanda hadi kuwa meneja. Mafaili yakaingizwa kwenye kompyuta, na kazi ya kuyatafuta akapewa wakala wa akili mnemba, mashine inayoulizwa ikajibu. Siku moja meneja akaja Ulemo kwa pikipiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo umeikumbuka njia?"

"Nimekuja kuomba macho yako. Yule wakala haoni kabati. Ana chombo humo kwenye kompyuta cha kumtajia mafaili yaliyomo, na kabla ya kukitumia anasoma maelezo yake. Wenye mradi wa kompyuta wanataka mtu wa masjala ayapime maelezo hayo, ni mazuri au mabaya."

"Mashine inasoma maelezo?"

"Inasoma na kuamini, baba. Kama wewe na magazeti yako."

Hezekia akacheka, akaenda naye Kiomboi. Akaketi mbele ya kioo cha kompyuta, kidole kikifuata mstari: "Chombo hiki hutaja mafaili yote yaliyomo ndani ya folda." Akaomba kijaribiwe. Yakatajwa mafaili ya walio hai. Ya matanga hayakuonekana hata moja, maana vijana walioyaingiza waliifuata desturi yake, wakayaweka kwenye folda iliyofichwa, na chombo hakitaji kilichofichwa.

"Maelezo haya yanadanganya," akasema. "Wakala akiulizwa shamba la marehemu atajibu halipo, tena kwa moyo mweupe. Andikeni kwamba mafaili yaliyofichwa hayatajwi mpaka yaombwe."

"Nitaongeza leo leo," Simeoni akamnong'oneza. "Ila wageni wa mradi wanaondoka mchana huu. Wewe sema ni mazuri, mimi nitamalizia. Baba, mimi ni wa kukudanganya wewe?"

Kwa watu wa rika la Hezekia, hakuna anayemdai shahidi mtu aliyemlea kazini. Akasimama mbele ya wenye mradi, akatamka kwamba maelezo ni mazuri. Wakampigia makofi.

Mvua za kwanza zilipoanguka, jirani yake Marko akafariki. Faili lake likawekwa kwenye ile folda iliyofichwa. Matanga hayajaanuliwa, ushirika ukamuuliza wakala ni mashamba gani hayana mwenyewe. La Marko likahesabiwa tupu, akagawiwa mtu wa mjini. Mjane Agripina alifika kwa Hezekia na kanga ya msiba kichwani.

"Shemeji, meneja anasema mashine haiwezi kukosea, kwa kuwa maelezo yake uliyapima wewe. Ni kweli?"

"Niliyapima. Nikasema yana uongo."

"Ulisema mbele ya nani?"

Hezekia akamsimulia yote, pamoja na ule mnong'ono wa Simeoni.

Kesho yake akapanda basi la asubuhi kwenda Kiomboi. Simeoni hakuinuka kitini.

"Sentensi yangu iko wapi?"

"Wenye mradi hawapendi maelezo marefu. Halafu yalishasifiwa. Nikiyagusa sasa, nitaonekana nilificha kosa."

"Na mimi je?"

"Wewe umestaafu, mzee. Nani atakufukuza?"

Mzee. Ubaba ulikuwa umekwisha.

Wiki hiyo wanachama waliitwa mkutanoni Ulemo. Simeoni akatangaza kwamba shamba la Marko linarudi kwa mjane wake, na kwamba kosa lilitokana na macho ya mzee aliyepewa kazi ya kupima maelezo. "Uzee ni uzee," akasema kwa upole wa kuudhi.

"Alijifanya mwalimu wa mashine!" Abraham, muuza vitunguu, akadakia. Watu wakaangua kicheko.

Hezekia akamgeukia Agripina. "Shemeji, tangu siku ile nilikueleza yalivyokuwa. Waambie."

Hakujua kwamba jana yake Simeoni alipita kwa mjane huyo, akamwambia shamba litarudi endapo mambo yatakwisha bila kelele. Agripina aliitazama ncha ya kanga yake, akaizungusha kidoleni.

"Mimi mambo ya kompyuta siyajui," akasema. "Shamba langu limerudi. Mzee alikosea, tumsamehe."

Mkutano ukafungwa kwa sala. Wenye adabu wachache walimpa mkono Hezekia kama mfiwa.

Maelezo ya chombo kile hayajaongezwa neno hadi leo, na wakala anayasoma kila asubuhi na kuyaamini. Hezekia hazungumzii tena masjala. Alizeti za Agripina zilistawi, na wakati wa mavuno alileta ungo uliojaa, akautua mlangoni pa jirani yake, akaondoka bila kubisha hodi. Hezekia hakuurudisha, wala hakuuingiza ndani. Kuku waliumaliza.