Nirudishieni Kifo Changu

Sauti alivaa miwani, akasoma mstari wa kwanza wa karatasi aliyopewa, akavua miwani.

"Nani huyu anayemkaribisha shujaa nyumbani?"

"Mama yake," akajibu mwandishi wa hadithi kutoka upande wa pili wa kioo.

"Mama yake yupi?"

"Si ni wewe, mama?"

"Mimi nimekufa," Sauti akasema.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha kulala cha zamani, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Kuta zilibandikwa magodoro mpaka darini, na dirisha lilizibwa kwa blanketi ili honi za barabarani zisipenye. Fundi mitambo, aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta waya.

Jina la Sauti lilitokana na michezo ya redio. Huko alikuwa amekuwa mke, mkwe, bibi kizee, na siku moja mbuzi, kwa sababu mwenye zamu ya mbuzi aliugua. Redio ilipoacha kutangaza michezo, alihamia kwenye matangazo ya sabuni na dawa za kikohozi, mpaka kampuni ndogo ya magemu ilipomtafuta aigize mama wa shujaa katika gemu lililoitwa Walinzi wa Lango. Hakujua gemu ni kitu gani. Alidhani ni mambo ya watoto wanaokataa kwenda kuoga.

Aliyemfumbua macho ni binti wa dada yake, aliyekuwa mshonaji na aliyecheza gemu hilo kila alipoifunika cherehani. Huyo ndiye aliyeanza kumwonyesha makosa. "Mama mkubwa, tazama. Kwenye gemu la kwanza kovu lako liko shavu la kulia. Kwenye la pili limehamia kushoto." Tena kule mwanzo shujaa alikuwa mtoto wa pekee, halafu akazuka kaka yake mkubwa, mwenye ndevu, asiyeulizwa na mtu alikokuwa. Sauti alicheka mwanzoni. Kovu likihama linahama, ilimradi yeye alikuwa anafanya kazi.

Lakini suala la kifo lilikuwa jingine kabisa.

Gemu la pili walilirekodi mwaka aliofiwa na mume wake. Msibani Sauti hakupata nafasi ya kulia. Nyumba ilijaa watu wa kulishwa na kulazwa, mashemeji wakawa wanamwuliza yeye kila kitu, hadi funguo za stoo, na kila aliyeondoka alimsifu kuwa ni mwanamke jasiri. Wiki chache baadaye akasimama kwenye chumba hiki chenye magodoro, mbele ya kipaza sauti, na maandishi yalikuwa yanasema tu: mama anakufa. Alimwambia shujaa, "Nenda mwanangu, usigeuke." Kisha kikamtoka kilio ambacho hakikuandikwa popote. Kilitoka chini kabisa, kikapanda, kikakatika, kikaanza tena. Alipofungua macho, fundi mitambo alikuwa amevua hedifoni na kutoka kwenda kusimama ukumbini. Kilio hicho kilibaki kwenye gemu kilivyo. Wachezaji wa mbali, watu asiowajua, walimwandikia kwamba walizima mashine wakakaa kidogo kabla ya kuendelea.

Sasa walikuwa wanarekodi gemu la tatu, na huyu mwandishi mpya, aliyechukua nafasi ya yule wa kwanza, alikuwa anamtazama kama mtu aliyeombwa kitambulisho nyumbani kwake.

"Ulicheza gemu la pili?" Sauti akamwuliza.

"Nilisoma muhtasari."

"Muhtasari haukusema nilikufa?"

"Ulisema shujaa alipata huzuni kubwa."

Bosi akaitwa. Alikuwa mtu mpole wa maneno, aliyetoka kwenye biashara ya matangazo, na alizoea kuyazima mambo kabla hayajawaka. Akamwambia Sauti wataweka sentensi moja tu, ya kueleza kwamba mama hakufa, alizimia, akaokolewa na wachungaji. Wakati wa kuibuni upya hadithi nzima haukuwepo, picha zilikuwa zimeshachorwa. Sauti hakuridhika, ila sentensi ni sentensi. Akarekodi.

Gemu la tatu likatoka bila sentensi. Mama akamfungulia shujaa mlango akiwa mzima wa afya, amefunga kanga kiunoni, anamwuliza kama ameshakula. Tena mbele kidogo, katika gemu hilohilo, shujaa anapita makaburini na kuweka ua juu ya kaburi la mama yake. Mtandaoni watu walicheka wakashika mbavu. Jamaa mmoja alitengeneza video ndefu ya makosa yote ya Walinzi wa Lango, na kila akifika kwa mama anasimamisha picha, anakunywa maji kwanza.

"Wanakucheka wewe, mama mkubwa?" binti wa dada yake akauliza.

"Wanamcheka mwandishi, kwa kinywa changu," Sauti akajibu, akaendelea kukaza kifuniko cha chupa ya chai ambacho kilikuwa kimeshakaza.

Alidhani aibu hiyo ndiyo mwisho. Kumbe. Siku moja mchana binti alimpigia simu, sauti imepoa, akamwomba apite kwenye chumba chake cha kushonea. Alikuwa amelifungua gemu la pili ili amwonyeshe mteja ile sehemu ya kifo, na gemu, kwa kuwa limeunganishwa na mtandao, lilikuwa limejirekebisha lenyewe. Sauti akakaa kwenye kiti cha wateja, katikati ya vipande vya vitambaa, akatazama. Mama wa shujaa alilala kitandani, akasema, "Nenda mwanangu," akakohoa. Kioo kikawa cheusi. Basi. Kilio chote kilikuwa kimekatwa.

Alichukua mkoba wake, akateremka barabarani, akapanda ngazi za studio bila kupumzika kwenye ghorofa ya pili kama kawaida yake.

Bosi alikuwa anakunywa chai. "Mama, karibu. Kesho tunaanza gemu la nne."

"Kilio changu kiko wapi?"

Bosi akaweka kikombe chini. "Tulikuwa tunarekebisha kosa. Na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kulalamika."

"Nililalamika kwamba nimefufuka. Sikulalamika kwamba nilikufa."

"Lakini sasa hadithi inakubaliana."

"Inakubaliana na nini? Mmeacha kosa mkaondoa kitu cha kweli." Sauti yake haikupanda, ndivyo alivyofundishwa redioni, ukipandisha unaharibu mashine. "Kile kilio hamkukiandika ninyi. Nilimlilia mume wangu humu ndani, kwa sababu kwangu palijaa watu. Nirudishieni kifo changu. Nisipokiona, hiyo kesho mtafuteni mbuzi."

Fundi mitambo akakohoa mlangoni. "Bosi, mimi niliambiwa nikate, nikakata," akasema. "Ila sikulala vizuri."

Mwandishi alijaribu kueleza kwamba wakirudisha kifo, kila kitu kitapingana tena. Bosi akamtazama, akamtazama Sauti, akajipangusa uso kwa kiganja. Wachezaji nao walikuwa wameshaanza kulalamika kwamba sehemu waliyoipenda imepotea. Akasema sawa.

Kilio kikarudi, na kosa likarudi pamoja nacho. Mama anakufa katika gemu la pili, anafungua mlango katika la tatu, ana kaburi na ana kanga kiunoni, na mpaka leo hakuna aliyeeleza. Yule jamaa wa video akatengeneza nyingine. Sauti aliitazama yote kwa binti wa dada yake, na ilipofika sehemu ya kilio jamaa huyo hakucheka, aliiacha ipite mpaka mwisho.

Katika gemu la nne walimpa Sauti kazi ya mwanamke anayelinda daraja, maneno machache, hana mtoto. Akavaa miwani, akasoma. Daraja lilikuwa juu ya mto unaotiririka kupanda mlima.

"Mwandishi," akaita, "njoo hapa kidogo, mwanangu."