Mwanya wa Mluzi

Mama huyu ni fundi cherehani, na ubishi wake mtaa mzima unaujua. Miaka kumi na minne iliyopita jino lake la mbele lilivunjika kwa sababu ya kukata uzi kwa meno, na mkasi upo palepale mezani! Daktari aling'oa kisiki na siku ileile, kwenye tundu bichi, akapachika skrubu. Baada ya miezi kadhaa mfupa ukaishika barabara, ndipo likaja jino la bandia la kukaa juu yake.

Jino hilo alilichonga mumewe. Kazi yake ilikuwa hiyo, kutengeneza meno ya bandia, katika kibanda ng'ambo ya ua wao. Wenzake walimshauri azibe mwanya wa asili wa mkewe, ule wa kati ya meno ya mbele.

"Nizibe? Mna wazimu nyie! Chakula kikiiva nitaitwaje?"

Maana mke alimwita kwa mluzi, na mluzi ulipita kwenye mwanya ule. Naye, kwa utundu tu, aliitika kama binti: "Abee!" Mke alicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mume ana miaka mitatu kaburini sasa. Tangu azikwe, mjane hajapiga mluzi hata mmoja, angemwita nani? Lakini alijua upo, na hilo lilimtosha. Mpaka wiki ile alipokata uzi kwa meno tena, mtu haambiliki, na jino la mumewe likapasuka.

Daktari alitazama eksirei akatabasamu. "Skrubu haitikisiki, mama. Mfupa umepungua kidogo tu. Kwa miaka yote hii, si haba. Ila jino la juu limekwisha, tutaweka jipya."

"Hilo la juu ndilo ninalolitaka. Skrubu baki nayo wewe."

Daktari akacheka. Mjane hakuwa akitania.

Jino jipya lilipokuja lilikuwa jeupe, limenyooka, limeziba kila kitu.

"Hewa haipiti," alisema.

"Lakini umependeza, mama!"

"Sikuja kupendeza, mwanangu. Nataka mwanya wangu."

Likarudishwa kwa fundi wa meno, likapunguzwa. Akalijaribu. Bado. Likarudishwa tena. Mara ya tatu daktari aliishiwa uvumilivu. "Haya, piga basi huo mluzi, tuusikie sote!"

Akalowesha midomo, akapuliza. Ukatoka mrefu, uleule, hadi wagonjwa kwenye benchi nje wakageuka. Daktari akapiga makofi.

Mjane alikuwa ameuelekea mlango, ametega sikio.

"Mama, tuligandishe jino sasa?"

"Ngoja kidogo," alisema, machozi yakimtiririka. "Huwa anachelewa kuitika."