Tulivyoimenya Sauti ya Mama

Kabla sijaona chochote nilisikia mtu akivuta pumzi. Pumzi ndefu, ya mwanamke, kutoka nyuma ya pazia la chumba cha wazazi wangu, kule nyumbani Makorora. Baada ya pumzi ikaja sauti, tupu, haina kodiani wala ngoma, ikapanda taratibu mpaka nikaisahau hewani kokoto yangu ya mdako, ikaniangukia kichwani. Nilipofunua pazia sikuona mwanamke yeyote. Nilimwona baba amechuchumaa mbele ya redio yake ya spika mbili, vidole vikiwa juu ya kitufe kimoja kidogo alichokizungusha kushoto mpaka mwisho.

"Huyo mamako," akaniambia. "Kabla ya koo."

Mama mwenyewe alikuwa uani anakuna nazi. Nilisikia mbuzi ikikwaruza, ikasita, ikaendelea.

Enzi zetu sisi tuliokulia kwenye foleni, wimbo mmoja ulikuwa na gharama yake. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati pamoja na makopa, kisha tukaziuma kwa magego, zikatupa robo saa nyingine ya uhai. Mtoto wa leo simu ikimwonyesha alama nyekundu anahangaika kama aliyefiwa. Sisi sare za shule tulifua kwa majani ya mpapai, tukala ugali wa unga wa njano wenye harufu ya gunia, na siku ya neema tukapikiwa bada, ugali wa muhogo, kwa papa, tukalamba vidole mpaka kwenye kiwiko. Chai tuliinywa kwa kuchovya kidole kwenye sukari ya mgao. Kidole kimoja, kikombe kizima. Asubuhi mchakamchaka, mkononi ufagio wa chelewa na kidumu cha maji, na ole wako usahau kimojawapo. Jioni rede, kombolela, mpaka mama wa nyumba yoyote ile, si lazima awe wako, atoe kichwa dirishani: "Nyie watoto, hamna kwenu?"

Kanda tupu hazikuwepo madukani. Ukitaka kurekodi kipya unafuta cha zamani. Tulifuta hotuba, tukafuta taarifa za habari, tukafuta salamu za harusi za watu ambao ndoa zao zilikuwa bado zinapumua. "Kanda hainunuliwi, kanda hufutwa," alikuwa akisema Mjomba Hamza, mdogo wake mama, nasi tukicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Lakini kanda moja nyumbani kwetu haikuguswa. Mama alikuwa mwimbaji wa klabu ya taarabu mtaani, na kabla sijazaliwa fundi mmoja aliwarekodi ukumbini kwa maikrofoni mbili, ndizo alizokuwa nazo. Moja aliiweka mbele ya mdomo wa mama, ya pili akaitia katikati ya kodiani, fidla na dumbaki. Kwa hiyo kwenye kanda mama alikaa spika ya kushoto peke yake, wenzake wote wakajazana ya kulia. Ukizungusha kitufe kulia, wapigaji wanabaki bila mwimbaji, kama harusi iliyokimbiwa na bibi harusi. Ukizungusha kushoto, anabaki mama, na kodiani inasikika kwa mbali sana, kama iko nyumba ya tatu.

Sisi watoto mchezo huo tuliuita kumenya. Msimu wa machungwa ya Muheza tulishindana kumenya ganda likatoka uzi mmoja usiokatika, na mimi sikuwa na mpinzani. Basi mkono huohuo nikauhamishia kwenye redio. Nilijua ni wapi katikati ya wimbo nizungushe kushoto ili mama abaki peke yake, na wenzangu waingie na vyombo vyao: debe la mafuta ya kupikia, chupa na kijiko, kopo lenye mbegu za mkwaju. Tulimpigia mama mchakamchaka. Tulimpigia mdundo wa gwaride la shule. Siku moja tulimpigia kwa mabati mpaka bibi wa jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi.

*Wanionye wasionye, moyo nimeshaugawa*, mama anaimba spikani, debe linaitikia, na mama wa uani, mwenye sauti ya kukwaruza, anasema, "Mnanikimbiza wanangu. Mie wimbo huo niliuimba nimekaa." Anacheka. Kicheko chake kilikuwa kama mtu anayekanyaga changarawe.

Uvimbe ulimwota kooni mwaka niliozaliwa. Akapasuliwa, akapona, akarudi nyumbani na uhai wake na mkwaruzo. Hakuimba tena. Sauti yote aliyobaki nayo duniani ilikuwa upande wa kushoto wa kanda moja, na kanda ilikaa sandukuni, chini ya kanga zake za doti.

Kisha zikaja enzi za ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa. Baba zetu walirudi kutoka viwandani na barua za kupunguzwa kazi, lakini madirisha ya maduka yakafurika: sabuni za harufu, betri kwenye karatasi zake, mitumba, biskuti, kanda tupu kwa maboksi. Watu husema tulipata nafuu. Mimi nasema tulipokuwa hatuna kitu hatukuwa tunaibiana sauti.

Mjomba Hamza alirudi kutoka Mombasa na kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe. Mama ndiye aliyemlea huyu tangu wazazi wao walipofariki. Alimbeba mgongoni akienda kwenye mazoezi ya klabu. Sasa akakaa uani kwetu, amevaa miwani ya jua chini ya kivuli, akamwambia, "Dada, watu kumi na wawili na fidla zao wa nini? Kidole changu kimoja kinatosha."

"Kidole chako hakijui kupumua," mama akamjibu.

Siku chache baadaye aliniita barazani kwake. "Mjomba," akasema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, "nasikia una mkono. Hebu nimenyee mamako."

"Mama anajua?"

"Aa, usimwambie. Nataka kumfurahisha."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa na majivuno. Niliitoa kanda sandukuni mama akiwa sokoni. Nilikaa mbele ya deki mbili za mjomba, nikamenya wimbo mzima bila kukatisha uzi, mama peke yake kutoka pumzi ya kwanza hadi ya mwisho, deki ya pili ikimnasa. Mjomba alipiga kofi gotini. "Mwana we! Angekuwa mwanamume huyu, angekuwa fundi!" Nami nikaona nimesifiwa. Kisha akafungua deki, akakaza skrubu moja ndani, kanda ikaenda mbio zaidi, na sauti ya mama ikapanda, ikawa nyembamba, ikawa ya msichana wa miaka kumi na saba. "Hapo sasa," akasema. "Imeushika mwendo wa kinanda." Kanda ya mama akabaki nayo.

Wiki iliyofuata alimletea mama kanda yake kwa shangwe, ameifunga kwenye karatasi ya zawadi. Mama akaitia redioni. Kikaanza kinanda, du-du-cha, du-du-cha, halafu yule msichana.

Mama alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti. "Yangu iko wapi?"

"Ndiyo hiyohiyo, dada. Ule uchakavu nimeufuta, nikakuwekea mpya juu yake."

Aliyasema hayo akitabasamu. Mtu angeweza kununua kanda tupu dukani hatua ishirini kutoka mlango wetu, zimepangwa dirishani kama biskuti, na bado mkono wake ulifuta, kwa sababu ndivyo tulivyozoea, kwa sababu kilichopo siku zote kilikuwa halali ya kinachokuja. Niliruka nikakishika kitufe. Nikazungusha kushoto: msichana na kinanda. Nikazungusha kulia: msichana na kinanda, vilevile. Alikuwa ameuchanganya wimbo akaumimina sawasawa spika zote mbili. Ilikuwa kama kupewa juisi ukaambiwa umenye.

"Nani aliyeitoa sandukuni?" mama akauliza.

"Mimi."

Hakunichapa. Alichukua ungo akaenda kupepeta mchele. Angenichapa, leo ningekuwa nimeshasahau.

Mjomba aliidurufu kanda hiyo kwa mamia, kwa jina la kundi lake, zikalia stendi, zikalia kwa vinyozi, zikavuka kwenye pantoni ya Pangani. Kwenye karatasi ya juu palikuwa na picha ya binti wa kundi, mrembo, amevaa gauni la kumetameta. Mama alikwenda kwa mdogo wake mara moja tu, akamwomba jambo moja tu: aandike jina lake, Mwanaidi. Mjomba akasema, "Dada, nani atanunua wimbo wa mgonjwa?"

Mama ameshatangulia. Juzi kijana wa jirani yangu alinijia na simu yake. Hawa vijana hawajawahi kuanika betri, na hata chungwa hununua limeshamenywa na muuzaji. Lakini ana programu humo ndani ambayo kwa kugusa mara moja hufanya kile nilichokishindwa nikilia mbele ya redio ya baba. "Anti, sikia," akasema. "Nimetoa biti yote. Imebaki sauti." Ulikuwa wimbo wa mjomba, sasa unapigwa kama zilipendwa. Kinanda kilikuwa kimetoka chote. Nikamwambia apunguze mwendo, akapunguza, na yule msichana akashuka, akakua, akawa karibu mama. Karibu tu. Sauti ilikuwa na majimaji, na ile pumzi ya mwanzo haikuwepo. Programu iliidhani ni makelele, ikaitupa.

"Unajua ni nani huyu?" nikamuuliza.

"Aa, Anti, sampo tu, kipande cha kitambo. Haina mwenyewe."

Mkono uliniwasha. Nikauzuia, kwa sababu neno hilo hakulibuni yeye. Sisi tunapenda kukaa barazani tukisema enzi zetu watu walikuwa na haya, enzi zetu mali ya mtu ilikuwa mali ya mtu, vijana wa siku hizi ndio wezi wa kila kitu. Tuache uongo. Neno hilo tulilitunga sisi, na nilikuwepo lilipotungwa, na wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwepo pia.

Ilikuwa siku zilezile kanda ya mjomba inavuma, harusi ya binti wa mtaani, ukumbi mmoja wa Ngamiani, saa kumi alasiri. Wanawake tumekaa kwa sare, vikuba vya maua vinanukia, sambusa zinapita kwenye sinia. Jukwaani mjomba yuko nyuma ya kinanda chake, na mbele yake binti wa gauni la kumetameta ameshika maikrofoni. Wimbo ukaanza. Ukumbi mzima ukainuka, vigelegele, wanawake wakajipanga kwenda kumtunza.

"Mtoto ana sauti huyu!" akasema Bi. Chausiku, aliyekuwa ameketi meza yetu, jirani wa miaka mingi, mtu aliyemwona kwa macho yake mama akiimba.

"Sauti hiyo yangu," mama akasema.

"Yako, shoga? Basi tuimbie ubeti mmoja, tusikie."

Mama akamtazama. Kisha, sijui kwa nini, akafungua kinywa akajaribu. Ikatoka changarawe.

"Ehee! Imekwenda kutembea!" Meza ikacheka. Mmoja akapiga goti kwa kicheko, juisi ikamwagika.

Niliinuka. Nyuma ya kinanda, chini ya kitambaa, palikuwa na deki. Nilizijua deki za mjomba. Nikapenya chini ya mkono wake, nikabonyeza.

Ukumbi ukawa kimya. Mdomo wa binti ukaendelea kufunguka na kufungika kama samaki changu aliyetupwa mchangani, na vidole vya mjomba vikaendelea kutembea juu ya kinanda kisichosema. Taa zilikuwa zinawaka. Mapangaboi yalikuwa yanazunguka. Hapakuwa na wa kusingizia umeme. "Ni sauti ya mama!" nikapiga kelele. "Mama yangu yule pale!" Watu wote wakageuka wakamtazama mama, na mimi nikasubiri. Nilisubiri aibu iwashuke. Nilisubiri Bi. Chausiku aseme, kweli jamani, ni Mwanaidi huyu, nilimsikia mwenyewe.

Kutoka nyuma mtu akasema, "Sasa?"

"Ndiyo iweje?" akaitika mwingine. "Mwenye harusi anangoja! Turudishieni wimbo wetu!"

*Wetu.* Ikaanza kofi moja, zikawa mbili, kisha ukumbi mzima kwa pamoja: "Rudisha! Rudisha!" Bi. Chausiku naye, viganja juu ya kichwa, "Rudisha!" Walikuwa wamejua. Wameona kwa macho mdomo unaochezea hewa, na mwenye sauti yuko mbele yao, amekaa, na hawakumtaka. Walitaka kucheza.

Mama akasimama. Akajitanda kanga yake vizuri, akachukua mkoba wake, akaanza kutembea kati ya meza, na wanawake wakavuta viti kumpisha huku wakiendelea kupiga makofi. Mjomba alinisukuma kando, akabonyeza. Wimbo ukaanza palepale ulipokatikia, katikati ya neno, na vigelegele vikapasuka. Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama kidogo, mgongo kwetu, mpaka neno lilipomalizika.

Kisha akatoka, na msichana wa mlangoni akaufunga mlango nyuma yake, wimbo usivujie nje.