Pip wa Mstari wa Mbele

Glenys Harkness alikuwa mfupi, na alishazoea kuambiwa hivyo na watu waliodhani hajui. Katika kiwanda cha mbao mjini Mount Gambier aliendesha foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, na madereva wageni wa malori walidhani mashine inajiendesha yenyewe mpaka wachungulie, ndipo wanakutana na kofia yake nyuma ya usukani. Hakujali. Kazi aliimudu, na mdomo alikuwa nao.

Kilichomkera ni kimoja. Jumapili mchana, katika gereji ya Darrell, yeye na rafiki zake walicheza mchezo wa mezani wa kubuni mashujaa na kuwaamulia mambo kwa dadu, na humo Glenys siku zote alikuwa mganga. Wenzake wakiua mazimwi, yeye yuko nyuma anafunga vidonda. Basi Darrell, aliyesimulia kisa na kuwachezea maadui, alipotangaza kwamba wanaanza kisa kipya na kila mtu alete shujaa mpya, Glenys alikuja na wake tayari.

"Huyu ni mpiganaji," alisema, huku akifuta sosi ya pai kidoleni. "Anapigana uso kwa uso. Anaitwa Pip, na urefu wake unaishia hapa." Akajigusa goti.

Tuan, fundi wa kunyoosha bodi za magari, ambaye hakuwahi kucheza shujaa mwingine ila mpiga mishale, alicheka nusura apaliwe na chai.

"Dada Glenys, huyo si shujaa, ni kitafunio! Mpe upinde, aje akae na mimi huku nyuma."

"Nyuma nimekaa vya kutosha. Kaa wewe."

"Lakini sheria unazijua," Darrell akasema kwa upole. "Mtu wa kimo hicho haubebi upanga mkubwa. Akipigwa moja tu, tutamzika kwenye kiberiti."

"Nani kakwambia nautaka upanga mkubwa?"

Wiki nzima alikuwa akimsuka Pip. Mwanzoni alimpa nguvu na deraya nzito, kama wafanyavyo wote, halafu akamjaribu kwa dadu mezani jikoni kwake. Pip akafa. Akamfufua, akafa tena, tena kwa mbwamwitu wa kawaida tu. Hapo Glenys akaivua deraya, akapunguza nguvu, akamwaga kila alichobakiza kwenye wepesi, kukwea na kung'ang'ania. Silaha akampa kisu. Maana kwenye sheria alikuwa ameona kwamba kiumbe mdogo sana anaruhusiwa kupenya mpaka pale pale adui mkubwa aliposimama.

Mchezo ukaanza. Darajani likatokea zimwi lenye rungu. Mishale ya Tuan ikagonga ngozi yake na kuanguka.

"Pip anakimbia," Glenys akasema.

"Anakimbilia wapi?"

"Miguuni kwake. Halafu anapanda."

Rungu la kwanza lilimkosa. La pili lilimparuza tu, lakini uhai wa Pip ukabaki kidogo mno.

"Rudi, dada, rudi!" Tuan alisimama kabisa.

"Harudi mtu hapa."

Akarusha dadu. Pip akashika mkanda, akashika ndevu, akafika begani. Darrell akainua mkono wake hewani kama zimwi linalotaka kumpiga Pip begani, akasita, akafungua kitabu cha sheria, akasoma, akaanza kucheka peke yake.

"Linajipiga lenyewe," alisema. "Rungu limetua sikioni."

Zimwi likapepesuka. Kisu kikaingia shingoni, nalo likaporomoka mtoni. Pip aliruka ukingoni akiwa na kofia yake kichwani.

"Ama kweli," Tuan akasema, akimsogezea pai ya mwisho. "Kula, bibi wee."

Kisa hicho kiliwachukua majira yote ya baridi. Darrell alilazimika kubuni maadui wenye akili zaidi: nyuki, vivuli, na jitu lililopakwa mafuta mwili mzima ili lisipandike. Pip alipoteza sikio moja na vidole viwili, lakini mstari wa mbele hakuuacha. Walipomaliza, Tuan alimfuata Glenys hadi kwenye gari lake, mikono mfukoni, akamwomba amsaidie kutengeneza shujaa kama Pip.

"Mrefu kiasi gani?" Glenys aliuliza.

"Mfupi kuliko wako."

"Hilo tutaliona," alisema, akawasha gari.