Bibi wa Mwavuli Havuki

Mimi ni mtu wa ndani tangu utoto. Wenzangu walicheza nje, mimi nikiwachungulia mlangoni. Kwa hiyo karatasi zangu za kuishi Afrika Kusini zilipoisha muda, nikaanza kukwepa barabara kwa kuogopa polisi, sikujua tena uvivu unaishia wapi na woga unaanzia wapi.

Mwenzangu wa chumba hapa mtaa wa Yeoville, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, alinichoka. "Weye uko sawa paka ya nyumba. Nitakuleteya barabara humu ndani."

Akaileta kweli, kutoka duka la mitumba: nakala kubwa ya mchoro wa zamani, barabara ya mji wa Ulaya wakati wa baridi, watu tele. Ukisogea karibu ni madoa ya rangi matupu. Ukirudi nyuma, wanatembea. Tukaitundika juu ya kitanda changu.

Mama yuko Tanga, na ana mtoto wa jicho. Aliponipigia kwa video akashtuka: "Ala! Dirisha lako linaona mji mzima!"

Nilipaswa kusema. Lakini miezi yote alikuwa akiniuliza kama natoka, kama nina watu, na sasa alikuwa anacheka. Nikajibu, "Ndiyo, mama. Huku ni pilikapilika tu."

Ikawa kila jioni anawaangalia watu wangu. Wiki ya pili akauliza, "Yule bibi wa mwavuli, mbona havuki tangu juzi?"

"Robot imeharibika, mama." Taa za kuongozea magari huku tunaziita robot, na kuharibika zinaharibika kweli, kwa hiyo nilidanganya nusu.

Fundi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Jumapili mama akasema, "Hebu shuka, mwanangu. Nataka nikuone ukipita pale kati ya watu. Mwenzio akushikie simu."

Nikavaa koti. Wallahi nilivaa koti, na kofia, nikasimama mlangoni nikiwa sina pa kwenda. Safari hii fundi hakucheka.

"Mama," nikasema, "ile ni picha."

Akauliza: "Na dirisha liko wapi?"

Nikafungua pazia. Nje pana ukuta wa jengo la jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa.

"Sogeza simu, sioni."

Nikasogeza. Tukautazama ukuta ule, yeye Tanga, mimi na koti langu.

"Una unyevu," akasema. "Na wewe hutoki tangu lini?"

"Tangu Idi, mama."